Petroli ya risasi na sensa ya oksijeni

Wadau, mimi ni mtu wa programu, na programu haiokoi injini ya turbo ikipewa taarifa mbovu. Bosch ilianza kutengeneza sensa ya oksijeni mwaka 1976. Ile ya masafa mapana, inayopima uwiano kamili wa hewa na petroli, ilifuata miaka ya 1990. Lakini madini ya risasi kwenye petroli huua sensa, kama yanavyoharibu ubongo wa mtoto. Kenya iliachana nayo kufikia 2006. Tangu hapo fundi wa Migori au Homa Bay anaweza kuamini anachosoma: 14.7 kwa 1 gari likitembea taratibu, karibu 11.5 turbo ikisukuma. Hewa ikizidi mno hapo, pistoni inaweza kuyeyuka. Kabla ya kompyuta, ilibidi petroli ibadilike.