Franka na dola katika hesabu moja

Huku kwetu Kongo tunauza kwa franka na kununua kwa dola, na hapo ndipo hesabu za duka dogo au shamba huharibika, hata kwa mwenye kompyuta.

Tulipoanza na LibreOffice Calc, ambayo hailipiwi, tuliandika kiwango cha dola mahali pamoja, juu ya ukurasa, na mistari yote ikakitegemea. Siku tulipokibadilisha, mauzo ya miezi iliyopita nayo yakabadilika, tusijue tena tulipata nini. Sasa kila mstari una kiwango chake cha siku ile. Franka zikiwa C2 na kiwango D2, katika E2 tunaandika =C2/D2.

Tuseme ndugu mkulima ameuza maharagi kwa franka 1.400.000, dola ikiwa 2.800. Amepata dola 500. Akikaa na franka hizo mpaka dola ifike 3.000, zitanunua mbegu za dola 466 tu. Hakuna aliyemwibia; safu ya kiwango ndiyo itamwonyesha pesa ilikokwenda.

Nukta hizo za maelfu tumeziweka kwa ajili ya macho. Katika kompyuta andika 1400000. Na ikiwa imepangwa kwa Kifaransa, nusu huandikwa kwa mkato, 2,5. Ukiweka nukta, inaweza kuichukua namba kama maneno na kuiacha nje ya jumla bila kukuonya.

Umeme wetu mnaujua. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache, na jioni nakili faili kwenye fleshi inayolala nyumba nyingine.