EPZ ya Athi River
EPZ ya Athi River ni eneo la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi. Liko katika Kaunti ya Machakos, kusini-mashariki mwa Nairobi, karibu na barabara kuu ya Mombasa. Husimamiwa na mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Ili kuwavutia wawekezaji, kampuni husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Vitambaa na mashine huingizwa bila ushuru. Viwanda vya nguo vilishamiri baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Mafundi cherehani hushona suruali kwa kugawana kazi: huyu mfuko, yule zipu. Soko kubwa la nguo hizo ni Marekani.