Mashine ya kuchomelea ya nyumbani: soma kibandiko, usisome boksi

Mashine ndogo za kuchomelea vyuma zimejaa kwenye maduka ya vifaa, kutoka Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kamukunji, Nairobi. Zinabebeka kwa mkono mmoja, zina mkanda wa kuning'iniza begani, na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: ampea 250, 300, hata 400. Mtu anayetaka kuunga geti lake, kutengeneza banda la kuku au fremu ya kitanda anaiona bei na kujiuliza kama bado ana haja ya kumwita fundi. Dukani huuliza ipi ina nguvu zaidi. Angeuliza kwanza umeme wa nyumbani kwake unaweza kulisha mashine gani.

Hesabu yake si ngumu. Ili kuchomelea kwa ampea 300, mashine hutoa takribani volti 32 kwenye moto. Zidisha, unapata wati 9,600. Ongeza zile zinazopotea ndani ya mashine kama joto, na ukutani italazimika kuvuta zaidi ya wati 11,000, yaani karibu ampea 50 kwenye umeme wa volti 230. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda mwisho wake ni ampea 13. Mashine iliyoandikwa 300 na kuuzwa na plagi hiyo, ama haifiki 300, ama ikijaribu kufika itakata fyuzi. Na mtu akishabadilisha fyuzi kwa kipande cha waya au msumari, kinachobaki kuungua ni waya uliomo ukutani.

Habari njema ni kwamba kazi za nyumbani hazihitaji ampea 300. Kijiti cha milimita 2.5, ambacho ndicho hutumika zaidi kwa madirisha, mageti na viti, hutaka ampea 60 hadi 90. Kwa ampea 80, mashine ya kisasa huvuta ukutani kama wati 2,300, kidogo kuliko birika kubwa la umeme. Nusu saa ya moto wenyewe, ukitoa muda wa kupima, kukata na kupanga, ni yuniti moja na kidogo tu ya LUKU. Ukipanda kwenye kijiti cha milimita 3.2 na ampea 120, tayari umevuka uwezo wa plagi ya kawaida. Hapo mwite fundi umeme akuwekee laini yake yenyewe, yenye waya mnene na swichi yake ya kukata umeme.

Kibandiko cha nyuma kinasema nini

Geuza mashine. Nyuma au chini inapaswa kuwa na kibandiko chenye jedwali dogo. Tafuta herufi X ikiwa na asilimia. Hiyo inaonyesha mashine inaweza kufanya kazi kwa muda gani katika kila dakika 10 kabla ya kupumzishwa. Ikiandikwa 60% kwa ampea 120, maana yake dakika sita za kuchomelea na nne za kupoa. Nyingine zimeandikwa 20%, yaani dakika mbili kazi, nane kungoja. Kwa anayejifunza hata hilo si baya, kwa sababu muda mwingi utakuwa unagonga gamba na kuangalia ulichokosea. Kwa anayetaka kupokea kazi za watu ni balaa.

Mashine isiyo na kibandiko kabisa, au yenye kibandiko kinachorudia namba ya boksi bila asilimia yoyote, iache dukani. Kati ya mashine ya 300 isiyo na maelezo na ya 160 yenye jedwali kamili, ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi hata kama ni ndogo kwa jina.

Inveta, transfoma au ya waya?

Transfoma ni zile nzito, nyingine zikisukwa na mafundi wetu wenyewe mtaani. Zinadumu, hazijali vumbi, na zikiharibika hutengenezeka hapo hapo. Ubaya wake ni kuvuta umeme mwingi, na baadhi ya za kienyeji zina nyaya zilizo wazi na hazina kinga yoyote. Katika ua wenye watoto, mimi nisingeziweka.

Inveta ni nyepesi, huvuta umeme kidogo na moto wake umetulia, jambo linalomsaidia sana anayeanza. Adui zake ni wawili. Wa kwanza ni unga wa chuma unaoruka kutoka kwenye grinda na kuvutwa na feni hadi ndani, kwa hiyo usisage karibu na mashine iliyowashwa. Wa pili ni umeme dhaifu wa jioni, wakati mtaa mzima unapika na kutazama televisheni. Ukiona moto unazimika-zimika saa moja usiku, jaribu tena asubuhi kabla ya kuilaumu mashine.

Zipo pia zinazotumia waya unaojisukuma wenyewe badala ya vijiti. Ni rahisi kuzizoea, lakini uliza kwanza kama waya wake unapatikana mjini kwenu. Vijiti vya aina ya 6013 vinapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na kwa anayeanza hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala.

Kwa wanaotegemea jenereta, ile ndogo ya kVA 2 haitoshi hata kwa kijiti cha 2.5. Anzia kVA 5.

Macho kwanza

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu, shati la pamba la mikono mirefu, brashi ya waya na nyundo ya kugongea gamba ni sehemu ya bei. Miwani ya jua, ambayo bado inaonekana kwenye karakana nyingi, haikingi. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza macho bila kuuma wakati huo huo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga umemwagwa machoni. Wengi huweka vipande vya viazi. Kinachosaidia ni kitambaa safi cha baridi, chumba chenye giza na kwenda kituo cha afya. Majirani na watoto wanaotazama wanaungua vilevile, kwa hiyo weka kizuizi.

Moshi nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chomelea mahali wazi, upepo ukitoka ubavuni kwako. Bomba na bati zenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi kali usiku huo. Saga zinki yote mahali pa kuungia kabla ya kuwasha. Maziwa ambayo mafundi hunywa baada ya kazi ni chakula kizuri, ila hayasafishi mapafu.

Kujifunza kwenyewe

Kosa la kawaida ni kuanza na kiti au geti. Bomba za mraba zinazotumika humo zina unene wa milimita moja na nusu au pungufu, na hutoboka kabla hujaelewa kilichotokea. Nunua chuma bapa cha milimita 5 au 6, au okota mabaki kwa fundi, na kwa siku za kwanza usiunge chochote. Laza mistari tu.

Kwaruza ncha ya kijiti kama njiti ya kiberiti. Moto ukiwaka, shika umbali kati ya ncha na chuma usiozidi unene wa kijiti, kiinamishe kidogo sehemu yake ya juu kuelekea unakokwenda, kisha uvute taratibu. Ukiwa sawa utasikia sauti ya mafuta yanayokaanga. Umbali ukizidi, sauti inavuma na cheche zinatapakaa. Kijiti kikiganda, kizungushe kung'oa, au kiachie kutoka kwenye kishikio. Kikiganda kila mara, ongeza ampea kidogo au angalia kama vijiti vimepata unyevu, tatizo la kawaida Tanga na Mombasa. Vihifadhi kwenye kopo lililofungwa.

Mistari ikinyooka, simamisha kipande kimoja juu ya kingine kama herufi T iliyogeuzwa, unga upande mmoja tu, kisha kipige nyundo hadi kilale na kuvunjika. Tazama ndani. Ukiona matundu au gamba jeusi katikati, au chuma kimoja kimebaki laini kana kwamba hakikuguswa, kiungo hicho kilikuwa kinakudanganya kwa uzuri wa juu. Rudia hadi chuma chenyewe kikunjike kabla ya kiungo kuachia.

Zipo kazi ambazo anayejifunza hapaswi kuzigusa hata kama mkono umezoea. Pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, dizeli au kutengenezea hulipuka hata likiwa tupu na limeoshwa. Mnara wa tangi la lita 1,000 hubeba tani moja ya maji juu ya vichwa vya watu. Chasisi ya gari na vizuizi vya ghorofani ni hivyo hivyo. Hizo ni za fundi aliyesomea. Kwa anayetaka kufika huko, vyuo vya VETA nchini Tanzania hufundisha uchomeleaji, na aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kuanza kozi upya.