Historia ya Mafuriko ya Mtaani Kwetu

Nimekulia Bwaise, mtaa wa bondeni kaskazini mwa Kampala, Uganda. Mvua kubwa ikinyesha, mama hupandisha magodoro juu ya meza, nasi tunasubiri maji yapungue. Zamani nilidhani ni bahati mbaya tu. Historia imenifundisha vingine.

Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga ngome kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Baadaye mji ulikua katika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa mji wa wakoloni, uliopimwa na kupangwa, ambako waliishi Wazungu na Wahindi. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, makao makuu ya Kabaka, chini ya serikali ya Buganda. Waafrika wengi waliokuja kutafuta kazi walipanga vyumba huko, katika mitaa kama Kisenyi, bila huduma walizopata wenzao.

Mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa, Mengo na vitongoji vya jirani vikaingizwa Kampala. Mji ukawa mmoja kwa jina. Hata hivyo, wenye uwezo walibaki vilimani, na maskini wakajenga kwenye vinamasi vilivyokuwa vikinyonya maji ya mvua.

Wapo wasemao dawa ni kutuhamisha. Mimi nauliza: tuhamie wapi? Tukikosa nyumba za bei nafuu karibu na kazi zetu, tutajenga bonde jingine. Mji huu ulipangwa bila wengi kuulizwa. Safari hii, kabla mtaro haujachimbwa, mama yangu aulizwe maji hupitia wapi.