Kutoka Pesa 64 hadi Hela 100: Asilimia katika Duka la Kariakoo

Maneno mawili tunayoyatamka kila siku, pesa na hela, yamebeba historia ya hesabu katika mji wetu. Mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani, rupia moja iligawanywa katika pesa 64, kwa mfano wa rupia ya India. Mwaka 1904 mgawanyo huo uliachwa, rupia ikawa na heller 100, na Waswahili wakaziita hela. Mwaka 1921 ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. India yenyewe, walikotoka wazee wetu, ilingoja hadi 1957 ndipo rupia yake ikagawanywa kwa mia.

Kwa wenye maduka hilo halikuwa jambo dogo. Hesabu walizokariri utotoni Gujarat zilikuwa za robo, nusu, moja na robo, moja na nusu. Na 64 hugawanyika nusu kwa nusu mpaka moja pasipo kubakisha kitu. Mia hukataa mapema: 50, 25, kisha taabu. Hata hivyo mia ina fadhila yake, kwani senti moja ndiyo asilimia moja ya shilingi.

Hapo ndipo nilipoteleza. Mwaka 1970, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nilimsaidia marehemu baba dukani Kariakoo. Alikuwa amemwahidi mteja punguzo la asilimia 5 kwa khanga za shilingi 40. Nikaandika 0.5, nikazidisha, nikapunguza shilingi 20. Yule mama akacheka, akaongeza shilingi 18 na kusema, "Mwanangu, kwa hesabu hii baba yako atafunga duka."

Baba hakunikaripia. Aliweka mezani sarafu mbili za toleo la 1966: ya senti 5 yenye samaki na ya senti 50 yenye sungura. Akaniuliza, katika kila shilingi nilimwachia mteja yupi? Sungura, ilhali aliahidiwa samaki. Kisha akaziandika kama bei zilivyoandikwa wakati ule: 0/05 na 0/50. Sifuri ile hushika nafasi ya sehemu za kumi, ili 5 ikae penye sehemu za mia.

Wajukuu wangu hugeuza VAT ya asilimia 18 kuwa 0.18 mara moja, nami hufurahi, mpaka niwaulize asilimia 5. Namba 18 huficha kosa: mtoto aliyekariri tu kutanguliza nukta huipatia, kisha hukosea 5. Mashine ya risiti haimsahihishi, maana hujihesabia yenyewe, na senti za kushika mkononi hazipo tena.

Nimewakabidhi walimu wa darasa la watoto hapa mandir kopo la sarafu za baba. Samaki ni wengi. Sungura wamebaki tisa.