Birika na Mtaro: Hidima ya Mafundi wa Mji

Birika hili, lililomo ndani ya Nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18, limejengwa kwa matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yayo hayo, ikalainishwa kwa mkono hata isivuje. Katika mabirika ya Lamu walifugwa samaki wadogo wenye kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure likazamishwa sakafuni ili, maji yapungukapo, samaki wapate pa kusalia hai. Nayo, kwa rai yetu, ni hekima ya siha iliyo bora kuliko dawa nyingi.

Maji yaliyotekwa kisimani na kutiwa birikani, baada ya udhu na kuoga, hutiririka mtaroni kandokando ya vichochoro hadi baharini. Waashi waliorithishana kazi ya mabirika na mitaro, baba kwa mwana, aghalabu pasi na majina yao kuandikwa popote, walimaliza umri wao wakiziba nyufa na kuzibua mitaro, hata Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 ulikuwa ungali na watu majumbani mwake.

Birika limehifadhiwa ili ustadi huo uonekane. Tafadhali usiguse chokaa.