Waliokesha Wakipima Anga

Juma lililopita alifika nyumbani kwetu parokiani fundi wa majokofu, kwa kuwa jokofu letu la miaka mingi lilikuwa limeacha kugandisha. Alipotaka kulegeza bomba ili gesi iliyobaki itoke hewani, tulimwomba asubiri kwanza. Alitushangaa. "Baba Paroko," alisema, "hii haina harufu wala haimdhuru mtu." Alisema kweli, kwa kadiri pua na macho yanavyoweza kushuhudia. Lakini neno hilo "haidhuru" lina historia ndefu, nasi twapenda kuisimulia katika tafakari yetu ya juma hili.

Mwaka 1839 mwanakemia Christian Friedrich Schönbein, huko Basel nchini Uswisi, aliitambua gesi yenye harufu kali akaiita ozoni. Gesi hiyo ni ndugu wa oksijeni: oksijeni tunayoivuta ina atomu mbili, ozoni inazo tatu. Sehemu yake kubwa i juu angani, kati ya kilomita 15 na 35 hivi kutoka ardhini. Kama ozoni yote iliyo juu yetu ingeshushwa hapa chini na kubanwa kama hewa hii tuliyo nayo, ingekuwa na unene wa milimita 3 tu. Kwa pazia hilo jembamba twakingwa na miale ya jua ya urujuanimno, iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhoofisha mazao shambani.

Mwaka 1930 mtaalamu wa hisabati Mwingereza, Sydney Chapman, alieleza kwa nadharia jinsi pazia hilo linavyofumwa. Mwanga wa jua huipasua oksijeni. Atomu zilizoachana hujiunga na oksijeni nyingine kuwa ozoni. Nayo ozoni huvunjwa tena, daima, kwa mizani. Wakati huohuo Gordon Dobson wa Oxford alikuwa amekwisha kutengeneza chombo cha kupima kiasi cha ozoni akiwa chini ardhini, kwa kuutazama mwanga wa jua tu. Kazi hizo hazikumletea mtu mkate mezani, wala hakuna aliyedhani kuwa siku moja uhai wa wengi ungezitegemea.

Upande wa pili wa bahari, viwandani, kulikuwa na shida ya kweli. Majokofu ya zama hizo yalitumia amonia, dioksidi ya salfa na gesi nyingine za sumu, na zilipovuja usiku ziliweza kuua watu waliolala. Mwaka 1928 mhandisi Mmarekani Thomas Midgley na wenzake walipata dawa ya shida hiyo: gesi za jamii ya klorofluorokaboni, kwa kifupi CFC, zisizowaka moto wala kumdhuru azivutaye. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley aliivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa unaowaka, nao ukazimika. Watu waliridhika. Gesi hizo zikaingia katika majokofu, viyoyozi, magodoro ya sponji na makopo ya kupulizia manukato. Yatupasa kuwa waadilifu hapa: Midgley hakukusudia ubaya. Alitaka kuokoa maisha, na kwa kiasi fulani aliyaokoa. Aliijaribu gesi yake chumbani. Hakuna aliyeuliza ingekwenda wapi baada ya hapo.

Aliyeanza kuifuata alikuwa James Lovelock, Mwingereza. Mwaka 1957 aliunda chombo kidogo chenye uwezo wa kunasa chembe haba mno za gesi hewani. Kati ya mwaka 1971 na 1972 alisafiri nacho melini kutoka Uingereza hadi Antaktika, akaikuta CFC kila alikopima, hata katikati ya bahari. Yeye mwenyewe aliandika kuwa haikuwa na hatari. Lakini huko California, Sherwood Rowland na kijana kutoka Mexico, Mario Molina, walijiuliza: kitu kisichooza, kisichowaka na kisichoyeyuka katika mvua, mwisho wake ni nini? Jibu lao lilichapishwa Juni 1974. Gesi hiyo hupanda taratibu hadi juu ya ozoni, na hapo jua huivunja na kuitoa klorini. Atomu moja ya klorini yaweza kuharibu molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijatulia.

Wenye viwanda walipinga vikali, wakisema kuwa hiyo ni nadharia tu. Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya makopo ya kupulizia mwaka 1978, lakini majokofu na viyoyozi viliendelea kama kawaida. Ulihitajika ushahidi wa macho.

Ushahidi huo ulitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Tangu mwaka 1956 Waingereza walikuwa na kituo kidogo cha Halley, juu ya barafu ya Antaktika. Huko, mwaka baada ya mwaka, watu walipima ozoni kwa chombo cha Dobson. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na baadhi ya wakubwa walihoji faida yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipimo vya kila Oktoba vilianza kushuka. Joseph Farman na wenzake, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walishuku kuwa chombo kimezeeka. Kikapelekwa kingine, nacho kikasema vilevile. Mei 1985 wakatangaza: ozoni ya majira ya kuchipua juu ya Halley ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Setilaiti ya Marekani nayo ilikuwa imepita juu ya tundu hilo, lakini programu ya kompyuta ilikuwa imezitia alama ya shaka namba zilizo chini kupita kiasi. Baadaye zikatazamwa upya, zikathibitika kuwa kweli.

Mwaka 1986 Susan Solomon aliongoza msafara kwenda Antaktika, akaeleza jinsi mawingu ya baridi kali yanavyoiamsha klorini. Mwaka 1987 ndege zilizoruka kutoka Chile zilipima ndani ya tundu lenyewe: pale klorini ilipozidi, ozoni ilipungua. Mwezi huohuo wa Septemba, tarehe 16, mataifa yalitia sahihi Itifaki ya Montreal. Aliyesimamia mashauriano alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Mwaka 1990 uliwekwa mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadili mitambo yao. Kufikia mwaka 2009 kila taifa mwanachama wa Umoja wa Mataifa lilikuwa limeridhia. Molina, Rowland na Paul Crutzen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Molina na Crutzen walikuwa pia wanachama wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliitaja itifaki hiyo kati ya juhudi zilizozaa matunda.

Je, tundu limeziba? Bado. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 yakadiria kuwa anga la Antaktika litarudia hali ya mwaka 1980 ifikapo mwaka 2066 hivi. Tena, mwaka 2018 wapimaji waligundua kuwa gesi moja iliyokatazwa ilikuwa ikitolewa upya kwa siri. Vituo vya Korea na Japani vikaonyesha kuwa sehemu kubwa ilitoka mashariki mwa China. Baada ya kufichuliwa, ikapungua. Bila wenye kukesha, nani angejua?

Tukirudi kwa fundi wetu: nyuma ya jokofu letu pameandikwa R134a. Gesi hiyo haiili ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo pia. Tulimweleza hayo. Alikaa kimya kidogo, akafunga bomba, akasema atarudi kesho na mtungi wa kuikusanyia. Akarudi kweli.

Ndugu wapendwa, wengi wetu hatutavumbua chochote. Lakini kila mmoja ana kipimo chake cha kutunza: daftari la mapato ya jumuiya, mita ya maji, kadi ya kliniki ya mtoto. Namba isiyotupendeza tusiipuuze kwa kuidhania kosa. Tuipime tena; huenda ndiyo inayotuonya.

Tukutane juma lijalo.